Mbona Ellen afe tena? Maoni yangu kuhusu Nosferatu mpya

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua niongee na hawa watu wote ambao tangu Nosferatu mpya ya Robert Eggers, hii muvi ya mnyonya damu, itoke Krismasi ya 2024 wameshikilia mambo ya masharubu ya huyo mnyonya damu. Masharubu tu. Nina saluni huku Umoja na TV yetu haizimwi, wateja wanakuja na muvi kwa flashi, wengine wanamalizia kwa simu huku wakisukwa, halafu kinyozi wa mlango wa pili naye ana vijana wake wanaobishana mpaka jioni, kwa hivo maoni ya watazamaji nimeyaskia ya kila aina. Na katika hayo yote bado sijaskia mtu akiuliza swali ambalo linanikera mimi mpaka leo, ati mbona baada ya miaka mia moja na ushee Ellen, huyu mwanamke anayewindwa, lazima afe tena.

Kama hujaiona na unapanga kuiona acha kusoma hapa, kwa sababu ntaongea kuhusu mwisho na siwezi kuongea nusu nusu.

Nianze na hayo masharubu tuyamalize. Watu wamezoea ile sura ya Max Schreck kwa muvi ya 1922, kichwa kipara, masikio yamechongoka, meno mawili ya mbele marefu ya panya, sasa wakamwona Bill Skarsgård ametokea na masharubu mazito na koti la manyoya wakasema Count Orlok, yule mnyonya damu, ameharibiwa. Lakini kitabu cha Bram Stoker cha 1897, ambacho ndicho chanzo cha haya yote, kinasema Dracula ni mzee mwenye masharubu marefu meupe, na Eggers ameeleza wazi kwamba bwana mkubwa wa Transylvania wa zamani zile angekuwa nayo. Kwa hivo hio sura mpya imerudi karibu na kitabu kuliko hio ya zamani tunayoitetea.

Na hio ya zamani yenyewe, wapendwa, haikuwa na ruhusa ya mtu. F. W. Murnau na wenzake Wajerumani walichukua hadithi ya Stoker wakabadilisha majina, Dracula akawa Orlok, Mina akawa Ellen, London ikawa mji wa Wisborg ambao hata hauko kwa ramani, na mjane wa Stoker, Florence, akaenda kortini. Mwaka 1925 korti ya Ujerumani ikaamua nakala zote ziharibiwe. Tunaiona leo kwa sababu nakala zingine zilikuwa zimeshafika nchi za nje. Halafu 1979 Werner Herzog akaitengeneza tena, Klaus Kinski akicheza mnyonya damu. Sasa mtu ananiambia muvi ya zamani haiguswi, kwamba Eggers amekosea adabu kwa kuirudia, nami nashangaa kwa sababu hii hadithi imeishi kwa kurudiwa tu, tangu siku ya kwanza. Kurudia si kosa. Cha kuuliza ni huyu anayerudia amebadilisha nini na ameacha nini vile kilikuwa.

Wale wanaosema haitishi na iko polepole nawaelewa kiasi. Ni dakika 132 na haina ile michezo ya kimya kimya halafu spika inapasuka mtu anaruka kwa kiti. Imepigwa kwa filamu halisi ya milimita 35, sehemu nyingi mwanga ni mshumaa na mwezi, na mpiga picha wake Jarin Blaschke aliteuliwa kwa Oscar kwa hio kazi, moja ya zile teuzi nne ambazo muvi ilipata. Skarsgård naye alifundishwa na mwimbaji wa opera kushusha sauti mpaka chini kabisa. Sasa wewe umeiangalia kwa simu, mchana, ndani ya matatu ya Jogoo Road yenye muziki, halafu unasema hukuona kitu wala kuskia kitu. Ungeona saa ngapi? Mimi mwenyewe nampenda DJ Afro, yule anayesimulia muvi za nje kwa lugha yetu, tumekua na yeye, zile muvi zake mnaangalia mkiongea mkicheka na hakuna kinachopotea, lakini si kila muvi inavumilia hivyo, hii inataka taa zizimwe na watu wanyamaze, na mtu akiipa hayo mawili halafu bado aseme haikumtisha basi huyo ntamskiza.

Wale wanaosema ni muvi ya kishetani sina mengi nao. Ina damu, ina uchi, Marekani waliipa alama ya R na kwangu watoto wa shule wakiingia kusukwa naizima. Mtu mzima ataamua mwenyewe.

Sasa Ellen.

Kwa muvi ya 1922 karibu nusu ya kwanza ni safari ya bwana yake, Hutter, anapanda milima anaenda kumuuzia Orlok nyumba, na Ellen yuko nyumbani anangoja, anatembea usingizini, anaangalia bahari. Eggers amegeuza hio. Muvi yake inaanza na Ellen, msichana mdogo, mpweke, analia usiku anaomba apate wa kumliwaza, yeyote, na kitu kinamskia. Miaka inapita, ni 1838 sasa, ameolewa na Thomas Hutter anayechezwa na Nicholas Hoult, na yule aliyemskia anataka kumrudia. Lily-Rose Depp anacheza huyu Ellen kwa mwili wote, macho yanageuka, mgongo unapinda, na wale waliosema ameigiza kupita kiasi nafikiri hawajawahi kukaa na mtu aliyezimia kwa hofu ya kweli.

Angalieni anavyotendewa. Anamweleza bwana yake ndoto yake, ndoto mbaya ya harusi na kifo, bwana anamwambia hayo maneno asiyarudie tena. Daktari Sievers anaitwa, anasema afungwe kwa kitanda, alale na ile nguo ya kubana kiuno, apewe etha alewe anyamaze. Rafiki ya bwana yake, Harding, anamwona mzigo kwa nyumba yake. Na huko milimani Thomas anawekewa karatasi ya lugha asiyoijua, anaambiwa aweke sahihi, anaweka, anapewa dhahabu, na baadaye tunajua hio karatasi ilikuwa ya kumtoa mke wake. Alimpeana bila kusoma na bila kumuuliza! Hapa kwetu angalau sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inasema nyumba mnayoishi haiuzwi bila idhini ya mwenzako, na huyu hakuuza nyumba, alisaini mtu.

Hapo ndipo saluni yangu ilinyamaza. Kitu ambacho hakitokei. Halafu mteja mmoja aliyekuwa chini ya draya akasema huyo daktari anamjua, na akatuambia vile aliwahi kwenda kuripoti kwamba kuna mwanaume anamfuata mpaka mlangoni, na yule aliyekuwa kwa dawati akamuuliza yeye alimfanyia nini huyo mwanaume mpaka akasirike hivyo. Hakuna mtu aliongea masharubu siku hio.

Mhariri, ile muvi ilitoka tarehe 25 Desemba 2024. Huo mwaka ndio tulianza nao barabarani, tarehe 27 Januari wanawake walijaa Nairobi na miji mingine wakisema waache kuuawa. Polisi wenyewe walisema wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba peke yake, miezi mitatu tu. Tarehe 10 Desemba wengine wakatoka tena hapa Nairobi kuandamana na wakapigwa vitoa machozi, na siku kumi na tano baadaye ikaja hii muvi ya mwanamke anayesema kuna kitu kinaniwinda na kila mtu anamwambia tulia. Sisemi Eggers alitufikiria sisi, hakutufikiria, ana mambo yake ya Ujerumani ya karne ya kumi na tisa na utafiti wake wa mavazi. Nasema mtazamaji wa Nairobi hawezi kuiona vile mwingine anaiona, na mtu akiniuliza kama ilinitisha ntamwambia ndio, ilinitisha sana, kabla hata Orlok hajapanda meli.

Ndio maana mwisho wake umenikasirisha.

Kwa wale wanaokumbuka, Orlok anafika Wisborg na panya na tauni, anampa Ellen masiku matatu akubali kwa hiari yake, na kila usiku anaokataa wengine wanakufa. Anna, mke wa Harding, anakufa, na watoto wake wawili wadogo. Profesa von Franz, Willem Dafoe huyo, ndiye wa kwanza kumwambia Ellen kwamba si mgonjwa, kwamba zamani za kale angeheshimiwa kama kuhani. Mtu unapumua, unasema sasa hatimaye kuna mmoja amemskiza. Halafu huyo huyo anajua mpango wake Ellen, anawachukua wanaume wengine anawapeleka mbali kutafuta jeneza ili Ellen abaki peke yake na lile jitu. Analala nalo mpaka alfajiri, jua linatoka, Orlok anakufa, Ellen anakufa chini yake, von Franz anakuja na maua.

Sasa rudi kwa kitabu cha 1897. Mina, ambaye ndiye Ellen wa asili, hafi. Mina ana taipureta, ndiye anakusanya shajara na barua za kila mtu anazipanga mpaka wanajua adui yuko wapi, anasafiri nao mpaka Transylvania, na Dracula anauawa kwa visu na wanaume wawili, tena jua halikumuua, huyo wa kitabu anatembea London mchana. Mina anarudi nyumbani anazaa mtoto. Huo ni mwaka 1897, enzi za Malkia Victoria, na mwanamke alibaki hai. Ni Wajerumani wa 1922 ndio walileta jua linaloua, na pamoja na hilo jua wakaleta sharti kwamba mwanamke asiye na dhambi lazima ajitoe amzuie mnyonya damu mpaka jogoo awike. Greta Schröder, aliyecheza Ellen, akafa kwa hio. 1979 Isabelle Adjani akafa, na hata haikusaidia kitu kwa sababu bwana yake anageuka kuwa yeye ndiye mnyonya damu mpya anaondoka na farasi. 2024 Lily-Rose Depp akafa. Muvi tatu, wanawake watatu, kitanda kile kile.

Eggers alibadilisha mengi na mengi aliyabadilisha vizuri. Ile habari ya mwanamke asiye na dhambi ameitoa, Ellen wake ana tamaa, ana aibu, ana hasira, anamkemea bwana yake uso kwa uso. Amempa Ellen mwanzo wa hadithi na amempa maneno. Lakini alipofika mlango wa mwisho akauacha vile ulikuwa mwaka 1922, na huo ndio mlango uliohitaji fundi kuliko yote.

Kuna msichana wa chuo huja kwangu, mwerevu, ananiambia mama wewe hujaelewa, Ellen alichagua, hio ndio nguvu yake, hakuna aliyemlazimisha. Tumebishana na huyu mtoto mara nyingi na namheshimu kwa sababu ameiangalia kwa makini. Lakini kuchagua ni nini? Mwanaume anasimama anakwambia nikubali ama nimalize watu wako mmoja mmoja, na anaanza kuwamaliza, unawaona wanazikwa, halafu usiku wa tatu unasema sawa. Sisi wote tunajua hio si hiari hata kama umetamka neno ndio. Muvi yenyewe inajua, kwa sababu imemfanya Orlok asisitize sana kwamba lazima akubali kwa hiari, anavyoirudia rudia ndio unajua ni uongo. Sasa kama muvi inajua ni uongo, mbona mwisho unapigwa muziki mzuri na mwanga wa asubuhi kana kwamba tumeshuhudia ndoa?

Mwingine atasema ni muvi ya kutisha bwana, kwani ulitaka harusi? La. Siogopi mwisho mbaya. Wacha watu wafe, hata wote. Tatizo langu ni kwamba kwa zaidi ya saa mbili umenionyesha mwanamke anayeona kabla ya wengine kuona, anayemjua adui kuliko profesa na vitabu vyake, na mwishowe matumizi yake ni mwili tu. Mina alikuwa na taipureta. Ellen hata kalamu hakupewa. Von Franz angeweza kusema twende wote tukae kwa hio nyumba, tusubiri alfajiri pamoja naye, tumshike mkono, hata kama tutakufa. Kwani Thomas hakuwa na haki ya kuwa pale? Kwani Sievers aliyemfunga kwa kitanda hakuwa na deni? Lakini mzee anawazungusha huku na huku ili mwanamke alipe bili peke yake, na tunaambiwa hio ndio hekima.

Mimi nimezaliwa Pumwani, Majengo, na shosho yangu alikuwa na hadithi za mumiani. Wanaokumbuka wanakumbuka, wakati wa mkoloni watu wa hapa Nairobi waliamini kuna wanaume wa gari la zimamoto wanaopita usiku wakinasa watu kuwatoa damu, na si Nairobi tu, uvumi huo ulikuwa Afrika Mashariki nzima na mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu yake kikatoka mwaka 2000. Kwa hivo tuna wetu, hatuhitaji Transylvania. Na kwa hadithi za shosho kilichokuwa kinaokoa mtu ni majirani. Wanawake walipanga vyumba vimepakana, giza likiingia mmoja hajarudi wengine wanatoka na taa wanamtafuta, choo cha nje wanaenda wawili wawili, ukiskia kitu unagonga ukuta na mwenye chumba cha pili anaamka. Hakuna aliyemuuliza aliyegonga kama ana kichaa. Waliogopa, na walikosea kuhusu hao wazimamoto, lakini waliaminiana. Wisborg yote, na nyumba zake nzuri, haikuwa na hata ukuta mmoja wa kugonga.

Ninajua tuna vijana hapa Nairobi wanatengeneza muvi kwa pesa kidogo na kamera nzuri, na wengine wanataka kutisha watu. Nawaomba wasinakili hizi za nje mpaka na makosa yake. Chukueni mumiani, chukueni hio gari inayopita polepole River Road usiku, mshumaa na kivuli kwa ukuta wa bati ni bei rahisi na Murnau alitisha dunia kwa kivuli tu kikipanda ngazi. Lakini mkifika mwisho muwe na wazo lenu.

Na wewe mhariri nina ombi kwako pia. Kurasa za burudani zinatuambia muvi gani imetoka na nani amevaa nini, na zinaishia hapo. Tunataka uchambuzi wa Kiswahili, mrefu, wa mtu aliyeiangalia muvi yote taa zikiwa zimezimwa, anayeweza kutuambia kilichobadilishwa na kwa nini, ili tukibishana kwa saluni tubishane juu ya kitu. Hio ya 1922 iko bure kwa intaneti, ni ya kimya haina lugha ya kukusumbua isipokuwa yale maandishi machache, kila msomaji anaweza kuiona wikendi hii halafu aone mpya na alinganishe mwenyewe.

Halafu wasomaji walioziona zote waandike hapa. Hasa wanaume, kwa sababu kwa kinyozi nimewaskia wakisema wangemvamia Orlok na panga. Watuambie kwa uzito, kama wewe ndio Thomas, ni usiku wa tatu, mzee wa watu anakwambia twende huku na mke wako amekuangalia kwa mlango akakuaga, na unamjua, unaona kabisa vile amekuaga, ungemfuata huyo mzee?

Mwenye saluni,
Umoja, Nairobi